Kumpima Mkingaji

Katika mpira wa Kimarekani yuko mchezaji ambaye ni nadra kuushika mpira. Kazi yake ni kumkinga mrushaji asiangushwe. Kila mwaka timu za kulipwa huchagua vijana wa vyuo vikuu, baada ya kuwapima mbio na nguvu. Mwaka 2018 Orlando Brown wa Oklahoma alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.85, akainua chuma cha ratili 225 mara 14 tu. Akashuka, akachaguliwa wa 83. Lakini mkingaji hakimbii mbali: huhitaji miguu imara, mikono mirefu na macho ya kumsoma adui. Mwaka 2023 Brown alitwaa ubingwa na Kansas City. Wenzangu, kipimo cha siku moja kisifute kazi ya miaka.