Chogo Lililozaa Runinga za Kesho

Mitaani tunaziita TV za chogo, na jina hilo limegusa kiini cha mambo. Runinga ya zamani ilikuwa na mrija mkubwa wa kioo usio na hewa ndani. Huko nyuma, shingoni mwa mrija, elektroni zilifyatuliwa kama mwale mwembamba. Koili zilizoizunguka shingo ziliuyumbisha mwale huo mstari kwa mstari, na kioo cha mbele, kilichopakwa fosfori, kikang'aa na kutoa picha. Mwale ulihitaji nafasi ili ufike kila pembe ya kioo. Nafasi hiyo ndiyo chogo.

Kwa miaka mingi chogo lilifichwa ndani ya kabati la mbao, runinga ikakaa sebuleni kama samani nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mafundi waliweza kuupinda mwale kwa pembe pana zaidi. Mrija ukafupika, na wabunifu wakapata upenyo.

Mwaka 1958 kampuni ya Philco ya Philadelphia, Marekani, ikatoa Predicta. Kioo chake cha inchi 21 kilisimama peke yake juu ya kabati, kikigeuzwa kushoto na kulia kama kichwa cha mtu. Setilaiti ya Sputnik ilikuwa imerushwa mwaka mmoja tu kabla, na kila mtu alitaka kuiona kesho nyumbani kwake. Bahati mbaya mitambo ya Predicta iliharibika upesi, na picha zake hazikuwa na rangi. Uzalishaji ukakoma mwaka 1960.

Italia ikafuata mwaka 1964: Marco Zanuso na Richard Sapper waliibunia Brionvega runinga ndogo ya kubebeka, Algol, yenye kioo kilichoinuliwa kumtazama mtu aliyesimama. Mwaka 1970 JVC ya Japani ikaleta Videosphere, tufe la plastiki lenye mnyororo wa kuning'inizia, mfano wa kofia ya wanaanga waliotua mwezini mwaka uliotangulia.

Ninazipenda runinga hizi kwa sababu wabunifu wake hawakulionea haya chogo, walilipa umbo. Runinga bapa za leo zikizimwa ni ubao mweusi tu. Videosphere hata ikizimwa bado inakueleza jinsi watu walivyoitarajia kesho.

Ukipata moja kati ya hizi, usiichomeke kwenye umeme papo hapo. Kapasita zilizozeeka huweza kupasuka, na mrija huweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya waya kuchomolewa. Mwite fundi aliyezoea runinga kama hizi. Akishaitengeneza, iwashe usubiri mrija upate moto. Kisha izime, uitazame nukta nyeupe ikisinyaa katikati ya kioo: ni mwale ule ule, ukitoka chogoni mara ya mwisho usiku huo.