Rutshuru: Kwa nini mafundi wa programu wanakata patroni kama washonaji

Mtu wa Kalengera akitaka kwenda Rutshuru-centre, anauliza kwanza kama barabara iko wazi. Anauliza jirani, anauliza mtu wa moto, anapiga simu kwa ndugu. Mwezi wa kumi na moja 2008, wakati CNDP ya Laurent Nkunda ilikuwa imekwisha kuteka Rutshuru, programu moja ya ordinateri ilijaribu kukusanya majibu ya namna hiyo kwenyi karte moja. Jina lake Ushahidi. Siku za 4 na 5 za mwezi ule, raia waliuawa Kiwanja, kwenyi barabara ile ile inayopita Kalengera. Human Rights Watch ilihesabu wafu wasiopungua 150.

Ushahidi haikuzaliwa kwetu. Ilianza Kenya, Januari 2008, nchi ikiwaka moto kisha uchaguzi. Mwanasheria Ory Okolloh aliomba mafundi watengeneze karte ya mauaji na uporaji, na David Kobia na wenzake wakaimaliza kwa siku chache tu. Hakuna aliyengoja karatasi za mipango zikamilike. Walitoa kidogo, watu wakatumia, wakarekebisha. Ndiyo kazi ambayo wanainformatiki wanaita ajile, tangu watu 17 walipokutana Utah, Marekani, Februari 2001, na kuandika kanuni zake.

Lakini haraka ina deni lake. Programu iliyoandikwa kwa Kenya peke yake, utaileta namna gani Kongo, kwenye lugha zingine na namba za simu zingine? Hapo ndipo patroni inaingia. Si patroni wa kazi, yule anayechelewesha mshahara. Ni ile karatasi ya fundi cherehani: kitenge kinabadilika, kipimo cha mama kinabadilika, lakini njia ya kukata libaya anaijua tayari. Mwaka 1994 waandishi wanne walitoa kitabu chenye patroni 23 za programu, wakifuata wazo la Christopher Alexander, msanifu wa majengo.

Ushahidi ilipoandikwa upya ili nchi zingine ziitumie, ilijengwa juu ya Kohana, inayofuata patroni ya zamani zaidi, ya Trygve Reenskaug wa Norway, mwaka 1979. Patroni hiyo inatenga vitu vitatu: habari zenyewe, sura inayoonekana kwenyi ekra, na sehemu inayopokea maombi ya mtumiaji. Ukitaka kubadili Kiingereza kuwa Kifaransa, unagusa sura; ujumbe wa Kiwanja unabaki salama pale ulipowekwa. Bila hivyo, kila badiliko la wiki linavunja kitu cha wiki iliyopita, na ajile inageuka kuwa kuziba mapengo usiku kucha.

Kuna ugonjwa wa upande wa pili pia. Mwanafunzi anajifunza patroni zote 23, kisha anazipakia zote ndani ya programu ya kuhesabu mifuko ya maharagwe. Joshua Kerievsky aliandika juu ya jambo hili mwaka 2004: anza na kilicho rahisi, patroni iingie wakati kodi yenyewe inaonyesha inaihitaji. Naona ana haki. Mshonaji hakati patroni ya koti kwa mteja aliyeleta suruali ya kutia kiraka.

Haiti ilipotetemeka tarehe 12 Januari 2010, karte ya Ushahidi ilifunguliwa kwa saa chache, na maelfu ya ujumbe yakafika. Kwetu hayakufika kwa wingi ule. Hakuna patroni inayoleta antena pahali hakuna rezo, wala inayomtoa woga mtu anayejua kwamba namba yake ikionekana, wenye silaha watabisha mlangoni. Ila fundi aliyetenga vizuri anajua namba hiyo imewekwa pahali pamoja tu, na anaweza kuifuta kabla ujumbe haujafika kwenyi karte.