Mvinyo mwekundu hauongezi damu

Safari hii swali lilinikuta sijashusha hata begi. Nimetoka Dodoma na basi, kiuno kimekufa ganzi, naingia Katonga, Kigoma, jua likiwa juu na dagaa wametandazwa kwenye vichanja, na mama mdogo ananipokea kwa pole za safari na hapo hapo: "Ile nyekundu umebeba, mwanangu? Shemeji yako kajifungua juzi, damu imemwishia."

Begini nilikuwa na chupa mbili. Zilikuwa za sikukuu.

Mimi ni mtengeneza mvinyo. Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha familia moja kule Dodoma: baba, mama, watoto wao wawili, vibarua wa msimu na mimi. Tunachouza zaidi ni mvinyo mwekundu wa kila siku, mchanganyiko wa zabibu nyekundu ya Makutupora na Syrah kidogo, kwa bei ambayo mwalimu au fundi wa magari anailipa bila kukopa. Nimesimama nyuma ya meza yetu kwenye Nane Nane ya Nzuguni mwaka baada ya mwaka, na walioniuliza zabibu ni za msimu upi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Waliobaki, wasomi kwa wasiosoma, wanashika chupa, wanaiinua juani, wanauliza: inaongeza damu?

Haiongezi.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina undugu. Damu inahitaji chuma. Lita moja ya mvinyo mwekundu wa kawaida ina miligramu nne hadi tano za chuma, na mara nyingine hazifiki. Kidonge kimoja chenye salfeti ya chuma miligramu 200, cha aina anayopewa mjamzito kliniki, kina takriban miligramu 65 za chuma. Ukitaka kiasi hicho kutoka kwenye mvinyo wetu utakunywa lita 14, yaani chupa kumi na tisa. Kwa siku. Mjamzito anahitaji kama miligramu 27 za chuma katika chakula chake cha kutwa. Glasi moja inampa chini ya moja, tena pamoja na pombe inayovuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Na hapa ndipo ninapokereka kama mtu wa kazi hii, kwa sababu sisi chuma tunakikimbia. Mvinyo ukigusa chuma kitupu, tuseme sehemu ya mashine iliyobanduka rangi au ndoo iliyoota kutu, unakiyeyusha na kukibeba. Kikizidi miligramu saba, nane kwa lita, mvinyo unaanza kuharibika sura: mweupe unafanya ukungu kama maji ya mchele, mwekundu unaingia weusi na kuacha mashapo. Ndiyo maana matangi yetu ni ya plastiki ya chakula na ya chuma kisichoshika kutu, na asubuhi ya kukamua mimi napita na tochi nikikagua kila bolti. Huko Ulaya watengenezaji walifika hadi kutumia kemikali maalumu ya kukivuta chuma kitoke ndani ya mvinyo. Kwa hiyo mtu anaponiomba "ile yenye chuma nyingi", ananiomba mvinyo ulioharibika. Ninao wakati mwingine. Tunaumwaga.

Kinachowaponza watu ni macho. Kitu chekundu, basi ni damu. Kwa mantiki hiyo hiyo mtaani wanapewa rozela, bitiruti na nyanya ya kopo iliyokorogwa kwenye soda nyeusi, na anayeuza habishani na mteja. Lakini zabibu nyingi nyekundu ukizimenya, nyama yake ni nyeupe. Rangi imo kwenye ganda, nasi tunaiacha juisi ikae na maganda siku kadhaa mpaka iikamue rangi hiyo. Inaitwa anthosianini, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye rozela, na ndani yake hakuna chuma. Wekundu wa damu ni wa himoglobini, ambayo imejengwa kuizunguka chembe ya chuma. Vitu viwili hivi vinafanana rangi tu.

Sikutaka kubishana kwa maneno, nikaomba kisosi. Nilifungua chupa moja ya sikukuu, nikamimina vijiko viwili, nikadondoshea magadi, chembe za kushikwa kwa vidole viwili. Mvinyo ulihama palepale: ukawa wa buluu chafu, ukaelekea kijani cheusi. Mama mdogo alivuta kigoda karibu. "Kumbe ni kama wino," akasema. Nikakamulia ndimu juu yake, ukatoa povu, na wekundu ukarudi. Jaribu nyumbani kwako, rozela nayo itacheza hivyo hivyo. Mawese yetu ya Kigoma pia ni mekundu, kwa karotini, inayosaidia macho, si kwa chuma. Wekundu peke yake ungetosha, pale mwaloni tungekunywa rangi ya boti.

Kuna kibaya zaidi. Ule ukakasi unaokausha ulimi ukinywa mvinyo mwekundu ni tanini, na tanini ikifika tumboni inakishika chuma kilichotoka kwenye maharage, mboga na nafaka, kisifyonzwe. Chai ya rangi inafanya mchezo huo huo. Basi anayekula ugali na kisamvu akisindikiza na glasi ya "dawa ya damu" anapoteza sehemu ya chuma alichokuwa nacho tayari kwenye sahani.

"Lakini mimi nimeona kwa macho yangu," wananiambia. Umeona nini? Uso umewiva na mwili umechemka. Pombe hutanua mishipa midogo ya ngozi, damu ile ile ikasogea juu. Abiria wote wa meli wakikimbilia ubavu mmoja, meli inalala upande huo, ila idadi yao ni ile ile waliyopanda nayo. Halafu kuna yule mzazi wanayemtaja, aliyepewa mvinyo wiki tatu nguvu "zikarudi". Muulize alikula nini wiki hizo. Atakwambia supu ya mgebuka asubuhi, dagaa mchana, vidonge vya kliniki kila jioni, na kazi zote za nyumbani zimefanywa na wifi zake. Sifa akapewa mvinyo.

Pombe yenyewe nayo si rafiki wa damu. Ikinywewa kwa wingi inausumbua uboho wa mifupa, ambako chembe nyekundu zinatengenezwa, na inapunguza foleti, vitamini ambayo chembe hizo haziwezi kukamilika bila yake. Kwa mama anayenyonyesha, kiwango cha pombe kwenye maziwa kinakaribiana na kilichomo kwenye damu yake. Glasi ya mama inamfikia mtoto wa siku tatu.

Ninachohofia hasa ni siku zinazopotea. Upungufu wa damu ni dalili, una mwenyewe aliyeuleta. Huku kwetu mwanzoni mwa orodha ni malaria, minyoo ya safura, kichocho kwa tunaoshinda majini, hedhi nzito, uzazi wa kufuatana, na selimundu, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi wenye ugonjwa huo. Mwenye selimundu hata chuma cha kidonge hapaswi kujipa mwenyewe, kwa sababu kinaweza kurundikana mwilini mwake. Sasa niambie mvinyo unamtibu nani hapo. Mama aliyevuja damu nyingi akijifungua anatakiwa hospitali leo. Akipewa glasi mbili kwa siku akisubiriwa "apate rangi", anaweza kufia mikononi mwa watu wanaompenda.

Imani hii haikuota hewani. Mapadre Weupe walipofika Ujiji mwaka 1879 hawangeweza kusoma misa bila divai ya zabibu, na kinachosemwa altareni juu ya kikombe kile, kwamba ni damu, kila mtu anakijua. Sina ugomvi na altare. Nina ugomvi na anayeibeba imani na kuigeuza dozi. Kisha mwaka 1991 televisheni moja ya Marekani ikatangaza kwamba Wafaransa wana nafuu ya moyo kwa sababu ya mvinyo mwekundu, na hadi leo naletewa habari ya resveratroli, kitu kinachopatikana kwa miligramu chache tu kwa lita, wakati waliokifanyia majaribio walitumia mamia ya miligramu kwa siku. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Nauza mvinyo na nayaandika haya. Aliye na duka la "dawa ya damu" naye aandike ya kwake.

Mvinyo wa kila siku unanywewa kwa sababu ni mtamu kinywani na unaenda na chakula. Inatosha. Kule Dodoma mzabibu haupati baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na kwa utaratibu huo anavuna mara mbili kwa mwaka. Makutupora nyekundu inatupa rangi na wingi. Syrah inatupa harufu na ladha kidogo ya viungo. Tunachanganya tukionja, vikombe mezani, baba mwenye kiwanda akikunja uso mpaka aridhike. Bei ni nafuu kwa kuwa hatuna mapipa ya mwaloni, zabibu nyingine tunanunua kwa majirani ambao wasipopata mnunuzi zinawaozea shambani, na kodi ya mvinyo wa zabibu za nyumbani ni ndogo kuliko ya ule wa nje. Wakati mwingine chupa na kizibo vinatugharimu kuliko kilichomo ndani. Wenzetu wasio na fedha ya chupa huuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda vikubwa na kuishia hapo.

Mambo mengine haraka haraka, mhariri ananibana. Unaponunua, soma lebo: iandike zabibu, siyo ladha ya zabibu. Chupa iliyokaa dirishani kwenye jua la Kigoma iache hapo hapo. Usiweke akiba ya miaka kumi. Huu ni wa kunywa ndani ya mwaka au miwili. Upoze kidogo kwenye friji, nusu saa, hata kama ni mwekundu, maana joto la huku si la Ulaya. Ukishafungua, funga vizuri, umalize ndani ya siku tatu, ukichachuka ni siki, tumia kwenye kachumbari. Unafaa na mgebuka wa kuchoma na dagaa wa mawese wenye pilipili ya wastani. Mjamzito, anayenyonyesha, dereva, mtoto, mwenye ini bovu na anayetumia metronidazoli: hapana.

Na kwa damu: nenda ukapime wingi wa damu, malaria na choo. Mjamzito mwenye chini ya gramu 11 za himoglobini kwa desilita moja ana upungufu, mwanamke asiye mjamzito mstari wake ni 12, mwanaume 13. Meza vidonge vya FEFO, vya chuma na foleti, kama ulivyoelekezwa, choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma hicho. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula. Kamulia ndimu kwenye mboga, inasaidia chuma kufyonzwa. Kula dagaa, na vichwa vyake; wa kukausha wanatunzika hata Ziwa Tanganyika likifungwa lisivuliwe, kama lilivyofungwa kati ya Mei na Agosti 2024. Mtu anayeishi Katonga akitafuta chuma kwenye chupa iliyotoka Dodoma, huku kichanja cha dagaa kiko hatua ishirini kutoka mlangoni, ananishangaza kweli.

Jioni ile shemeji alipelekwa zahanati, akapimwa. Alikuwa na malaria. Mama mdogo, najua jirani atakusomea hapa: vidonge amalize vyote hata akijisikia mzima, siku ya kurudi kupima asiikose, na ile chupa iliyobaki ni ya kwako, si ya mzazi.