Kamera ndogo yaona hata gizani, lakini si kila kitu ni cha kupigwa picha

MWEZI wa Agosti wa kila mwaka wa namba shufwa, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, usiku katika vijiji vya Bungoma huwa hauna usingizi. Huo ndio msimu wa Wabukusu kuwatahiri wavulana wao, na kengele anazopiga mtahiriwa husikika kutoka boma moja hadi jingine mpaka alfajiri. Pembeni mwa ngoma hizo siku hizi hakosekani mpiga picha. Na ukimtazama vizuri, msomaji, utagundua kuwa kamera aliyoishika imepungua mwili.

Mpiga picha wa miaka ya tisini alifika kwenye sherehe kama hiyo akiwa na filamu ya picha 36 na flashi juu ya kamera. Kila alipobonyeza, boma zima lilimulikwa kama kwa radi, wachezaji wakafumba macho, na nyuma yao pakabaki peusi tititi. Leo mwenzake hupiga mamia ya picha kwa mwanga wa taa moja ya sola iliyotundikwa mlangoni, bila flashi na bila mlio.

Siri iko wapi? Kwanza, iko katika ukubwa wa kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga mahali ilipokuwa filamu. Wataalamu hukiita kihisi. Katika kamera za fremu kamili, kihisi kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawa na picha moja ya filamu tuliyoizoea. Kipimo hicho kilienea duniani kupitia kamera ya Leica, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka wa 1925. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya lile la kihisi cha kamera nyingi za bei nafuu. Weka karai na kikombe nje mvua ikinyesha Kitale. Mvua ni ileile, lakini karai litakinga maji mengi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa mwanga.

Pili, kioo kimeondolewa. Kamera kubwa za awali zilikuwa na kioo ndani kilichoinuka kila picha ilipopigwa, na ndicho kilichozifanya ziwe nene na zenye kelele. Mwaka wa 2013 kampuni ya Sony ilitoa A7, ya fremu kamili isiyo na kioo, na Septemba 2020 ikatangaza A7C iliyo ndogo zaidi, yenye gramu 509 pamoja na betri na kadi. Canon 5D Mark IV ya 2016, ambayo ina kioo, hufika gramu 890.

MATATU, VUMBI NA WATEJA

Mwandishi wa makala haya hubeba kamera ya aina hiyo kati ya Kitale na Bungoma katika kazi za kila siku, na kuna mambo ambayo muuzaji dukani hayasemi. Ndani ya matatu hukaa kwenye mkoba wa kawaida bila kumvutia mtu. Lakini lenzi nayo ina uzito. Lenzi ya Sony ya milimita 35 yenye f/1.8 ina gramu 280 tu. Ukifunga ile ya kwanza ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8, unaongeza karibu kilo moja na nusu, mzigo unainamia mbele, na kidole cha mwisho kinakosa pa kushika.

Isitoshe, kwa kuwa hakuna kioo mbele yake, kihisi hubaki wazi mara lenzi inapotolewa. Kwenye barabara za udongo wakati wa kiangazi, heri usubiri uingie nyumbani ndipo uibadilishe. Betri ya A7C, kwa kipimo cha kampuni, hutoa picha zipatazo 740, na stima ikipotea inaweza kuchajiwa kwa pawabenki. Nafasi ya kadi ni moja tu. Kadi ikiharibika, bibi harusi hawezi kuambiwa arudi kanisani, kwa hivyo ni busara kubadilisha kadi baada ya ibada, kabla ya keki.

Bei nayo si mchezo. A7C ilianza kuuzwa kwa takriban dola 1,800 za Marekani bila lenzi. Ukihesabu dola kwa shilingi 130, hizo ni zaidi ya shilingi 230,000, fedha zinazotosha kununua pikipiki mpya ya bodaboda. Na baada ya gharama yote hiyo, kwenye harusi za Kitale bado kuna mama wa bwana harusi atakayeuliza kama kamera yenyewe imeachwa garini. Mwonyeshe picha moja tu kwenye skrini ya nyuma. Mdharau mwiba, guu huota tende.

ALFAJIRI MTONI

Hata hivyo, kuna suala zito kuliko uzito na bei. Asubuhi ya tohara, kabla ya jua kuchomoza, mvulana hupelekwa mtoni na kupakwa matope, kisha hurudishwa nyumbani akiimbiwa, akiwa uchi. Zamani flashi ilipowaka kila mtu alijua picha imepigwa, na mzee yeyote angeweza kumkemea mpiga picha papo hapo. Kamera hii haiwaki wala hailii. Inaweza kumnasa mtoto bila babake kujua, na kufikia jioni picha iko kwenye WhatsApp za watu wasiomjua. Muhula ukifunguliwa, mvulana huyo atakaa darasani na wenzake walioiona.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na picha inayomtambulisha ni data. Lakini mvulana mwenyewe pia aulizwe, kwa maana mwili ni wake na picha itaishi kuliko sherehe.

Yapo mengi ya kupigwa bila kumvunjia mtu heshima: uso wa mvulana akipiga kengele, mjomba akimvisha shingoni kipande cha nyama ya fahali, miguu ya wachezaji ikitimua vumbi, nyanya akifuta machozi.

Familia inayomwita mpiga picha ikubaliane naye siku moja kabla: nani amekubali kupigwa, kamera inazimwa wakati gani, na picha zinabaki mikononi mwa nani. Kisha imdai angalau picha moja ya karatasi. Simu huibwa na kuharibika, lakini picha iliyo kwenye fremu ukutani, mvulana huyo ataweza kuwaonyesha wajukuu wake bila kuona haya.