Gari la Kuvuta Tela: Tusinunue kwa Macho



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, wako kati yetu wanaovuka bahari kwenda Dar es Salaam, wakazunguka Temeke na Kinondoni kutafuta gari lililotumika la kuvutia tela. Dalali huwaambia, "Hili lina injini kubwa, lavuta chochote." Twapenda kuwaeleza kwamba kuvuta ni jambo moja, kubeba na kusimama ni mambo mengine.

Kwanza ni uzito. Tuseme tela tupu lina kilo 1,000, na magunia 40 ya kilo 50 ni kilo 2,000. Jumla ni kilo 3,000. Uzito huo haulali wote juu ya magurudumu ya tela. Sehemu yake hushukia ndoano ya gari. Sehemu hiyo yafaa iwe baina ya 10 na 15 katika kila mia, yaani kilo 300 hadi 450. Ikipungua, tela huyumba njiani. Ikizidi, gari huinama nyuma, na magurudumu ya mbele hayashiki barabara sawasawa.

Basi pikapu ya kubeba kilo 1,000, ikiwa na dereva na wapagazi wawili wenye kilo 225, na ndoanoni kilo 450, imebakiwa na nafasi ya kilo 325 tu. Mwenye kuijaza magunia kupita hapo ameizidishia.

Pili ni breki. Toyota Land Cruiser 79 zinazouzwa Australia zimeruhusiwa kuvuta kilo 3,500 ikiwa tela lina breki zake. Likiwa halina, kilo 750 tu. Injini ni ile ile, bali hukumu ni ya breki. Katika miteremko ya Pemba tela zito lisilo na breki husukuma gari, na walio hatarini ni watu wetu.

Tatu, kabla ya kulipa, someni kibati cha uzito na kitabu cha gari. Chukueni fundi wenu, si wa dalali. Atazame chasisi inaposhikia ndoano, kama ina kutu au imeungwa. Kisha lipakieni mzigo, mlipandishe vilima vya Pugu na kulishusha.

Mwenye shaka na atuletee namba za kibati ofisini, tupige hesabu pamoja kabla fedha haijamtoka mkononi.