Kamyo haiwaki: usikimbilie kununua batri

Kamyo nyingi zinazotoka Uvira na watu, unga na vifaa, kuelekea Baraka, Fizi na machimbo ya dhahabu ya Misisi, ni za zamani. Uzee si ubaya. Lakini injini ya mazutu yenye pompi ya kizamani ikishawaka haihitaji umeme ili kuendelea kuzunguka, na mtego uko hapo: alternateri inaweza kufa tangu Makobola, shofere asijue kitu, mpaka jua lizame na taa za mbele ziwe nyekundu kama makaa. Juu ya mizigo kumekaa watu. Njo maana hatuwaandikii mafundi peke yao.

Asubuhi kamyo inakataa kuwaka. "Batri ilishakufa, tutafute ingine!" Pesa ya shimoni inatoka, batri mpya inafungwa, na kisha ya siku chache nayo inalala. Batri mara nyingi ni mgonjwa tu. Ugonjwa uko kwingine.

Azima kipimo cha volti. Kamyo kubwa nyingi zina batri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, jumla 24. Kabla ya kuwasha, batri nzima zilizojaa zinaonyesha zaidi kidogo ya volti 25. Washa, kanyaga mafuta kidogo, pima tena palepale: tunataka kama 27,5 mpaka 28,5. Ikibaki 25 au ikishuka, hakuna chaji. Ikipita 29, regilateri imeharibika na inachemsha batri, njo sababu maji yanaisha kila mara. Ongeza maji safi ya batri, siyo ya ziwa, wala asidi.

Usifungue alternateri bado. Injini ikiwa imezimwa, shika mkanda: umelegea? Unang'aa kwa kuteleza? Safisha vichwa vya batri vyenye unga wa kijani, na ule waya wa masi kwenye shasi, unaooza kwa kutu bila mtu kuukumbuka. Kisha injini ikizunguka na taa zote zikiwaka, pima kati ya mahali umeme unapotokea kwenye alternateri na kichwa cha chanya cha batri. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani.

Sasa ile taa ndogo nyekundu yenye picha ya batri. Kwenye alternateri nyingi za zamani, umeme unaoiamsha alternateri unapitia kwenye ampuli hiyo hiyo. Ampuli ikiungua, alternateri nzima kabisa inaweza kulala. Ukigeuza ufunguo lazima iwake; injini ikishika, izime. Kama haiwaki kabisa, badilisha ampuli kabla ya kitu kingine chochote. Kuna mashofere wanaoing'oa eti inawasumbua macho. Ni kumfukuza mbwa kwa sababu amembwekea mwizi.

Na simu! Abiria wote wanataka chaji, redio nayo inaimba, basi mtu anaunga waya kwenye batri moja kati ya zile mbili ili apate volti 12. Hiyo moja inanyonywa, nyingine haiguswi, na alternateri inazichaji kama kitu kimoja: ya kwanza inabaki na njaa, ya pili inavimbiwa. Zote zinakufa mapema. Pima kila batri peke yake. Zikipishana nusu volti, tafuta huo waya. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12.

Tope nalo lina hesabu yake. Mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020 tunayakumbuka wote hapa mjini, na hata bila mafuriko, mvua kubwa ikinyesha kamyo zinavuka maji mengi. Tope likiingia ndani ya alternateri linakula sharboni, vile vipande vya makaa vinavyosugua, na chaji inakuja na kuondoka. Hiyo ni kazi ya fundi.

Fundi huyo asing'oe waya wa batri injini ikizunguka "ili aone kama alternateri inafanya kazi". Anaweza kuunguza diodi zake palepale. Kabla ya kuchomelea shasi pia, batri zifunguliwe na waya za alternateri zitolewe. Na usiku, usichungulie maji ya batri kwa kiberiti, kwa sababu batri inayochaji inatoa gesi inayolipuka. Tumia tochi yako ya kichwani, ile ya shimoni.