Kulipima Neno "Wastani" Baharini

Tahadhari za upepo ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzitoa kwa mikoa ya Lindi na Mtwara hutaja mara nyingi upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, kisha hufuata maneno yanayomgusa zaidi nahodha wa mashua ya kuvuka kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani: uwezekano wa kutokea, wastani. Neno hilo haliahidi kwamba upepo utavuma, kwa hiyo bahari ikiamka shwari kesho yake, si haki kusema kwamba watabiri wamekosea.

Hata hivyo kauli hiyo inapimika, mradi tahadhari nyingi zihesabiwe pamoja. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba wastani maana yake ni nusu kwa nusu, kama sarafu inavyorushwa, basi tahadhari 10 zina njia 1,024 za kutimia au kutotimia, kwa kuwa kila moja huzidisha idadi ya njia mara mbili. Njia ambayo upepo hauvumi kabisa ni 1, za kuvuma mara moja ni 10 na za kuvuma mara mbili ni 45, jumla 56. Mvuvi anayetia alama za mkaa ubaoni, akakuta upepo umevuma mara mbili tu kati ya 10, ana sababu nzuri ya kuitilia shaka ile nusu, kwani matokeo hafifu kiasi hicho hupatikana chini ya mara 6 katika 100. Akikuta mara nne, hana hoja: nne au pungufu hupatikana katika njia 386, zaidi ya theluthi.

Sharti linalosahauliwa mno ni kwamba tukio moja lisitegemee jingine. Upepo wa kusi ukishika huvuma siku kadhaa mfululizo, hivyo tahadhari za Jumatatu, Jumanne na Jumatano huenda zikawa upepo uleule, na ubaoni zinastahili alama moja.

Vimbunga navyo havipimiki kwa ubao wa Kilwa. Lindi ilipigwa mwaka 1952, na kimbunga Hidaya kikaifikia pwani hiyo Mei 2024. Alama mbili katika miaka 72 hazitoshi, na anayetaka kuhakiki kauli kuhusu vimbunga hana budi kuhesabu pia vile vya Madagaska na Msumbiji.